NSSF Ipi, Shemeji?

Afrika Mashariki ina NSSF tatu, na shemeji yangu alizifahamu zote asubuhi moja, akiwa kwenye benchi la steshenari yangu hapa Nyamongo.

Shemeji ni mchorongaji. Mkandarasi wake alikuwa anampeleka Kakamega, kule Kenya wanakotafuta dhahabu, akachoronge miezi kadhaa kisha arudi. Wakampa fomu ya hifadhi ya jamii. Na kwa kuwa Nyamongo karatasi yoyote yenye mistari huishia kwangu, akaja nayo, na baba yake nyuma.

“Shemeji, hapa wanataka namba ya NSSF. Si ninayo?”

“Hiyo yako ni ya Tanzania. Hapa wanauliza ya Kenya.”

“Kenya nao wanayo?”

“Na Uganda.”

Akaketi. Nikamweleza taratibu. Kwetu mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida mwajiri 10 na mfanyakazi 10. Uganda mfanyakazi anakatwa 5, mwajiri anaongeza 10. Wakenya kwa miaka mingi walikatwa shilingi 200 tu kwa mwezi, mpaka sheria yao ya mwaka 2013 ilipoanza kutekelezwa Februari 2023. Sasa ni 6 kwa 6, na kuna kiwango cha mshahara ambacho makato hayavuki. Jina moja, mifuko mitatu, na hakuna unaomjua mwanachama wa mwenzake.

Kabla hata ya fomu hiyo, shemeji alikuwa ameshapata kesi na majina yake mwenyewe. Kitambulisho cha taifa kinasema Mwita Chacha Marwa. Kadi ya mfuko inasema Chacha Mwita. Cheti cha kuzaliwa kimeanza na Marwa. Kwetu Wakurya hilo halimsumbui mtu. Ita Chacha mnadani uone vichwa vinavyogeuka. Kompyuta ndiyo haina ukoo. Ikabidi aende Tarime kwa wakili kula kiapo kwamba yeye ni yeye.

Halafu vidole. Katika ofisi moja (siitaji, nina leseni ya biashara ya kulinda) mashine ya alama za vidole ilimkataa. Mabomba ya kuchorongea na grisi vimemsugua vidole mpaka vimekuwa laini kama vya mtoto mchanga. Karani akamwambia apake mafuta ya mgando. Akapaka, kidole kikateleza. Akaambiwa anawe kwa limau, akanawa. Mashine ikakubali kidole kimoja, cha mwisho, kile ambacho hakijawahi kufanya kazi yoyote.

Basi asubuhi ile pale benchi, mzee, aliyekuja kusindikiza tu na kunywa soda yangu, akauliza: “Mwanangu, ng'ombe wangu akienda kulishwa kwa ndugu zetu Wakurya wa Kenya, akazaa huko, ndama ni wa nani?”

“Wako, mzee.”

“Sasa mnachojaza hapo ni nini?”

Nikakosa jibu, maana alikuwa amemaliza. Huko Ulaya wanafanya hivyohivyo: mfanyakazi akitumwa nchi nyingine ya Umoja wao kwa muda usiozidi miezi 24, anabaki kwenye mfuko wa kwao, na anatembea na cheti kiitwacho A1 ili ugenini asikatwe tena. Sisi Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inampa mfanyakazi haki ya hifadhi ya jamii katika nchi anayokwenda, na utaratibu wa mafao ikaliachia Baraza la Mawaziri. Mzee akasema ng'ombe hazai kwa kusubiri kikao.

Ndipo nikaona shemeji ametulia kupita kiasi. Wa Nyamongo akitulia hivyo, anapiga hesabu ya fidia. Hapa tuna kitu kinaitwa tegesha: mtu akisikia eneo litachukuliwa na mgodi, anainua nyumba haraka haraka na kupanda chochote kinachohesabika, kisha anamsubiri mthamini.

“Shemeji,” akasema polepole, “nikikatwa huku, nikakatwa na Kenya, halafu kampuni ikinituma na Uganda kidogo, uzeeni si nitalipwa kote?”

“Ukitimiza masharti ya kila mfuko, ndiyo. Lakini kila mmoja una yake.”

Mzee akaweka chupa chini, akamtazama mwanawe kwa heshima ambayo sijawahi kuiona. Alitaka kujua kitu kimoja tu: kati ya hizo tatu, mthamini wa ipi anatangulia kufika.