Sifa za Mizani ya Mafuta

Watu wanaisema vibaya mizani ya nyumbani ya kupimia mafuta ya mwili, ile bapa ya kioo yenye vibati vya chuma pa kuweka nyayo. Eti haina msimamo: jana asilimia 28, leo 31, na chakula ni kile kile. Mimi naitetea. Chombo gani kingine nyumbani kinakupa habari za kitu ambacho hakijawahi kukiona, tena mpaka nukta ya desimali?

Maana mafuta yenyewe haiyaoni. Inapitisha umeme hafifu, usiofika hata miliampia 1, uingie unyayo huu utokee ule. Misuli imejaa maji, kiasi cha robo tatu ya uzito wake, basi umeme unapita. Mafuta yana maji machache, unapata tabu. Mizani inapima tabu hiyo, inakisia maji, kutokana na maji inakisia nyama, na kinachobaki inakiita mafuta. Makisio juu ya makisio, halafu: 28.4. Hiyo .4 inataka moyo!

Tena ina stara. Umeme wake unapanda mguu mmoja na kushuka mwingine. Kitambi, ambacho ndicho kilichokupeleka dukani, unakipitia kwa mbali tu, usije ukakiaibisha.

Kabla ya kusema lolote inauliza umri, urefu na jinsia, kama mganga anayetaka jina la mama yako ndipo apige ramli. Badilisha jinsia kutoka ya kike kwenda ya kiume uone: mafuta yamepungua umesimama pale pale. Hakuna mbio za alfajiri zenye baraka hiyo.

Wala haina upendeleo. Ramadhani, panda kabla tu ya adhana ya magharibi: mwili umekaukiwa maji, umeme unapita kwa shida, na swaumu yako inalipwa kwa kuongezewa mafuta. Mwenye magaga naye, ngozi ile ngumu ya kisigino inazuia umeme, na magaga yanaandikwa mafuta. (Kumbe jiwe la kusugulia miguu ni dawa ya unene.) Na siku za kawaida, ukiamka umenenepa; jioni, maji ya mwili yakishashuka miguuni, umekonda.

Lakini sifa yake kuu ni malezi. Anayetaka namba ya kuaminika itambidi ajipime saa ile ile, ameshakwenda haja, hajala wala kunywa, hajatoka mazoezini wala kuoga maji ya moto, nyayo amezifuta, na mizani iko kwenye sakafu ngumu, si juu ya zulia. Namba ya siku moja asiitie maanani. Achukue wastani wa wiki, aulinganishe na wa wiki zilizopita. Hapo uongo wa mizani unakuwa ule ule kila siku, na uongo usiobadilika unapimia vizuri tu: ukishuka wiki hadi wiki, huenda kweli kuna kilichoshuka. Mwenye kifaa cha umeme cha kusaidia moyo asiipande kabisa.

Na usinunue ya pili ili kuihakiki ya kwanza. Kila kiwanda kina hesabu yake, na mizani mbili hazitakubaliana. Aliyeingia dukani na kitambi kimoja atajikuta na viwili, kila kimoja na asilimia yake.