Kishindo cha Baba Rehema

Usiku wa kwanza alipiga ukelele mmoja tu: "Gesi!" Kabla sijafumbua macho vizuri, Baba Rehema alishararua chandarua, kabeba watoto wawili kwapani, yuko uani. Mama mkwe akatoka mbio na kanga kifuani, tochi mkononi. Jirani akaruka ua na panga, akidhani tumevamiwa.

Jikoni mtungi ulikuwa pale pale, umefungwa. Paka amelala juu ya gunia la mkaa.

"Mmesikia lakini?" akatuuliza. Hakuna aliyesikia. "Mlio wote ule! Na mwanga mweupe!" Nikamshika mkono, ulikuwa unatetemeka.

Mtungi ukahamia uani, nikawa napika kwenye upepo, moto unazimika kila mara. Siku chache baadaye kishindo kikapiga tena, mlio mkavu kama bati lililodondoshwa darini. Akaita fundi, paa likagongelewa misumari upya, na lile tawi la mwembe lililogusa bati, lenye dodo tamu kuliko zote hapa mtaani kwetu Tanga, likakatwa. Kikapiga tena. Mama mkwe akafukiza ubani, akaita maalim, kisomo kikasomwa, mbuzi akachinjwa.

Kilichoniuma ni kumwona mwenyewe anaogopa kitanda. Anakaa barazani mpaka usiku wa manane, macho mekundu, na watu wameshaanza kunong'ona. Nami nilikataa kabisa kusikia neno "anazusha". Mtu aliyekurupuka jasho linamtiririka shingoni amesikia kitu, hata kama nyumba nzima haikusikia. Rehema, binti yetu wa mwisho, alimwekea baba yake sikio kichwani, akasikiliza weee, kisha akasema, "Baba, labda kimelala."

Hospitali tulimkuta daktari kijana, mtu wa kusikiliza. Mlio ukipiga, kichwa kinauma? Hapana. Unapoteza fahamu? Hapana. Unakuja wakati gani? Ninaposinzia. Unapumzika? Hapo nikajibu mimi: zamu za usiku mfululizo, na kahawa juu ya kahawa.

Akatueleza kwamba ubongo hauzimiki kwa mkupuo. Unaingia usingizini sehemu baada ya sehemu, na wataalamu wengi wanadhani kwamba mara nyingine sehemu ya kusikia, badala ya kutulia, hufyatuka yote kwa pamoja. Mwenye hali hii husikia bomu, bunduki, mlango kubamizwa; wengine huona na mwanga. Hakuna kinachopasuka ndani. Ni jirani wa ule mshtuko tunaoujua karibu sote, unasinzia, mara mguu unaruka kama umekosa ngazi. Daktari wa Marekani, Silas Weir Mitchell, aliandika habari za watu wa namna hii mwaka 1876, na mwishoni mwa miaka ya 1980 Mwingereza John Pearce akaipa jina la kichwa kulipuka.

Niliposikia 1876 nilitamani kulia. Zaidi ya miaka mia moja watu wanakurupuka vitandani na imeandikwa, nasi huku tunakata miembe! Baba Rehema alimwomba daktari arudie ile sehemu ya "hakuna kinachopasuka". Akarudia, taratibu, bila kuchoka. Mungu ampe umri mrefu.

Dawa hakuandikiwa. Aliambiwa alale vya kutosha na kahawa iishie mchana; kazini wakakubali kumpunguzia zamu. Kishindo bado kinapiga akichoka sana, ila sasa anageukia ubavu wa pili na kuendelea na usingizi. Mtungi nimeurudisha jikoni.

Aliyepata kazi kubwa zaidi ni mama mkwe. Alisikiliza maelezo yote ameshika tama, kisha akasema marehemu baba mkwe alikuwa akikurupuka hivyo hivyo, akipiga kelele kwamba amesikia bunduki, na ukoo mzima ukaamini ana deni la mizimu. Akaniagiza, "Mama Rehema, mpigie shemeji yangu Pangani sasa hivi. Naye analala na panga chini ya mto, na Ijumaa anapeleka mbuzi."