Sifa za Muhuri

Wengine na wawasifu wafalme. Mimi, mkulima wa mpunga hapa Mamba, Katavi, nausifu muhuri. Mdogo, kishikio kimeng'aa kwa jasho la viganja, unalala droo moja na karanga na chaja ya simu. Hauli, hauombi likizo, haugombani na mtu.

Ila sifa yake kubwa ni kumfanya mtu awepo. Nimezaliwa, nimeoa, nina watoto watano wanaofanana nami mpaka masikio. Hayo yote ni maneno ya mtaani tu. Naingia ofisini na mwili wangu mzima. Mtendaji wa kijiji anasema shikamoo mzee, ananiita kwa jina, anamwulizia mama yangu, kisha: "Sasa mzee, nitajuaje kwamba wewe ni mkazi?" Nikalete barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti ni shemeji yangu. Anaandika kwamba ananifahamu. Narudi, wino umekauka. Mtendaji anaupumulia muhuri, haa, haa, kama anayesafisha miwani, anaukandamiza kwa uzito wote. Linatoka neno JAMHURI, mengine ukungu.

"Elfu tano ya wino, mzee wangu."

Na shida yangu ni nini? Magunia tisa ya mpunga kwenda Mpanda. Tangu 2017 mzigo usiozidi tani moja ukivuka halmashauri hautozwi ushuru wa mazao. Magunia yangu hayafiki tani hata ukipanda juu yake wewe na mkeo. Lakini msamaha nao lazima ugongwe muhuri.

Hapa ningeendelea kusifu, ila jamani! Mwaka 2016 walipatikana watumishi hewa zaidi ya 10,000. Aprili 2017 wakatajwa wengine 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na sidhani kama vyeti vile vilikosa muhuri. Mtu asiyekuwepo alikula mshahara kila mwezi bila barua ya shemeji yeyote. Mimi niliyepo nalipia wino.

Simchukii mtendaji. Kima cha chini serikalini kilikuwa 370,000 mpaka kilipopandishwa kuwa 500,000 Julai 2025, na kwenye hiyo hiyo anunue karatasi za ofisi, huku makisio ya makusanyo yakimsubiri mezani. Aliyempa muhuri bila wino ndiye aliyenipangia mimi ile elfu tano, na huyo haketi kijijini.

Basi nikapakia. Kabla hatujaingia ile barabara inayokatiza Hifadhi ya Katavi kwenda Sitalike, kuna geti la ushuru. Kijana akaipokea karatasi, hakuisoma. Akainamisha kichwa upande.

"Mzee, mbona muhuri umepinda?"

Huku kwetu neno hilo, pinda, tunaliheshimu, lilishatutolea Waziri Mkuu kutoka Kibaoni. Kwa kijana lilimaanisha nigeuze gari.

Tukaongea kiutu uzima. Mpanda nilifika na magunia manane.