Namna ya Kulea Enka Mbovu Mpaka Uzeeni

Hongera. Umeruka kupiga kichwa kwenye mechi ya maveterani, umetua juu ya mguu wa beki, enka imelala upande na kitu kimelia ta! Kabla hujatoka nje ya chaki imeumuka kama andazi. Wengi hukimbilia kuiponya. Fuata mwongozo huu uitunze, iwe inakutabiria mvua hata ukiwa na wajukuu.

Jambo la kwanza ni kutokujua kama umevunjika au umeteguka. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, wakiongozwa na Ian Stiell, walitoa kipimo kisichohitaji hata shilingi: bonyeza mfupa wa enka ukingoni kwa nyuma na kwenye ncha, pande zote mbili, halafu jaribu kupiga hatua nne. Mfupa ukiuma hapo, au hatua nne zikikushinda, nenda kapige picha. Sasa wewe hatua nne za nini, na sabu zimekwisha, na tuko nyuma bao moja? Pulizia ile dawa ya baridi, kaza kamba za daluga, rudi uwanjani.

Jioni ndiyo yenye kazi. Kwa siku mbili tatu za mwanzo wataalamu hukataza vitu vinne: joto, pombe, kukimbia na kuchuliwa. Ukiviangalia vizuri utaona ni ratiba yetu ya kila Jumapili, wameinakili tu. Kwa hiyo andaa maji ya moto yenye chumvi, bia mbili za kutuliza maumivu, na yule mzee wa mtaa wa pili mwenye kidole gumba kama mpini wa jembe. Ukipiga kelele atakwambia mshipa unarudi mahali pake. Mbio zinaweza kusubiri mpaka Jumanne.

Kuhusu barafu, usibabaike. Ni daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, aliyetangaza mwaka 1978 ile kanuni ya kupumzika, kuweka barafu, kufunga bandeji na kuinua mguu. Dunia nzima ikaimeza. Miaka mingi baadaye akasema mwenyewe kwamba barafu, na kupumzika kupita kiasi, huenda vinachelewesha kupona. Lakini kochi limeshanunuliwa, wewe lala. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, ulifuata watu 101 walioteguka enka: walioanza mazoezi wiki ileile ya kwanza walitumia mguu vizuri zaidi kuliko wenzao. Habari za namna hii usiziingize nyumbani, mkeo atakunyang'anya rimoti.

Na sasa nikuonye juu ya mtu mmoja wa hatari sana. Håkan Alfredson, daktari wa mifupa wa Umeå, Sweden, alikuwa mkimbiaji, na kano ya kisigino chake ikawa inamuuma isiishe. Akaomba apasuliwe, mkubwa wake akakataa. Kwa hasira akaamua kuichana kabisa ile kano kwa kuibebesha mzigo, ili wasiwe na namna ila kumpasua. Akaibebesha siku baada ya siku. Ikapona.

Fikiria: mtu amekusudia kujiharibu na ameshindwa! Mwaka 1998 akachapisha matokeo ya wanamichezo wa kujifurahisha 15 waliofanya kama yeye. Unasimama kwenye ukingo wa ngazi, unashusha kisigino kibovu taratibu mpaka kipite chini ya ukingo, unapanda kwa mguu mzima. Mara 15, mizunguko mitatu. Goti likiwa limenyooka, kisha likiwa limekunjwa. Asubuhi na jioni. Jumla 180 kwa siku, wiki 12, na maumivu yakipungua unavaa begi zito mgongoni. Wote 15 walirudi kukimbia. Ni kweli, 15 si wengi, na waliojaribu baadaye hawakubahatika wote. Lakini kosa la Alfredson liko wazi: hakuacha. Mimi niliacha siku ya nne, nikaenda kununua dawa ya kuchua yenye picha ya nyoka. Kano yangu ipo, inakusalimia.

Goti halihitaji maelezo marefu. Watafiti wa Oslo na Delaware walifuata wachezaji 106 waliopasuliwa kurekebishwa ligamenti ya goti, wakaandika mwaka 2016 kwamba kila mwezi ambao mtu alichelewa kurudi uwanjani, mpaka mwezi wa 9, ulipunguza kuumia tena kwa asilimia 51. Wewe rudi mwezi wa tano, kuna fainali ya mbuzi. Ruhusa usiombe kwa mtaalamu wa fiziotherapia, atakwambia urukeruke kwa mguu mmoja akupime. Omba kwenye kundi la WhatsApp la timu. Pale unaruhusiwa ndani ya dakika mbili, na vikatuni vya misuli juu.

Jumapili hii ni saa kumi, uwanja uleule. Namba mbili iko wazi, njoo na bukta yako. Aliyekuwa anaicheza amegoma. Tulimpitia juzi tukamkuta kwenye ngazi za kwake, begi mgongoni, hakutujibu hata salamu. Alikuwa amefika 112.