Kuupaka Uozo Sifa

Waungwana wa pwani yetu wamesifu vitu vingi, na aghalabu walivyovisifu vilistahili: jahazi lenye tanga jeupe, mnazi usiotupwa hata kifuu chake, na uta, ambao Fumo Liyongo anahadithiwa kuuimbia kama mtu amwimbiavyo mchumba. Lakini mwenye kusifu kizuri hana taabu, na kwa hiyo hana thawabu, maana kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza; na kwa vile sijapata kumwona mtu aliyekionea huruma hicho kibaya katika matembezi yake, mimi leo nimeazimia kukishika mkono. Nataka kuusifu uozo. Si uozo wa samaki wala wa embe, ambao kila pua yaujua, bali ule mtulivu, wenye staha, ukaao katika mbao zilizofichwa ndani ya boti kuukuu ya faiba.

Nasaba yake ni njema kuliko wengi wadhanivyo. Watu husema boti imeozeshwa na bahari, na kwa kusema hivyo huidhulumu bahari, kwa sababu maji ya chumvi huzihifadhi mbao kama yamhifadhivyo ng'onda. Baba yake uozo ni mvua, iliyo maji matamu, yashukayo kutoka mbinguni bila ya dhambi. Masika ikinyesha, na majani makavu yakaziba kitundu cha kutolea maji, boti iliyopandishwa pwani chini ya mkungu hugeuka birika, na maji yale huanza kutafuta mlango. Mlango wenyewe huwa ni tundu la parafujo moja, ambayo mtu fulani, miaka mingi iliyopita, aliikaza ili ishike kibao cha kuwekea mishipi, na kwa haraka ya kwenda kula hakuitia hata tone la gundi. Ndani ya tundu hilo, lisilotosha sisimizi wawili kupishana, hungoja mama wa uozo, naye ni kuvu, bibi wa kiasi asiye na makuu. Mbao ikiwa na unyevu usiofika sehemu moja katika tano ya uzito wake kavu, kuvu hana riziki humo; unyevu ukizidi sana, na hewa kidogo ikapatikana, na joto, ambalo pwani yetu haijapata kumnyima mgeni, basi arusi yafungwa na nyumba yapata watoto.

Tazama sasa unyenyekevu wa mtoto huyo. Kutu hujipaka hina na kutoka barabarani; mdudu atoboaye mashua za mbao, ambaye babu zetu walimfukuza kwa moto wa makuti na kwa deheni, huacha matundu kama mtu aachavyo jina lake katika daftari la wageni; bali uozo wa boti ya faiba hukaa batini, na dhahiri yote huiachia rangi ing'ae. Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuipata boti ya namna hii, ambayo ufa ukiachwa, ukuta husimama vile vile, mweupe, umenyooka, na ni nyumba iliyo nyuma yake ndiyo iliyokwenda.

Boti za nyuzi za kioo zilipoanza kuundwa Marekani katika miaka ya 1940, zilipata sifa kubwa kwamba haziozi, na aliyesema faiba haiozi hakusema uongo. Alinyamaza tu juu ya mbao. Kwa maana ganda la faiba peke yake ni jepesi na lapinda, na ili lipate sulubu, mafundi wengi walilaza mihimili ya mbao chini ya sakafu, kutoka omo hata tezi, wakaifunika kwa faiba, na ukuta wa nyuma ubebao mashine wakaujenga kwa plaiwudi iliyobanwa katikati ya ngozi mbili. Hikima yao ilikuwa ya kweli, kwa kuwa ngozi mbili zilizotengwa kwa ubao mzima ni ngumu mara nyingi kuliko ngozi mbili zilizolaliana. Lakini ubao huo ukioza, zile ngozi hubaki kama mke na mume walioachana, ambao wangali wakikaa nyumba moja kwa ajili ya majirani.

Mimi nilijuana na uozo kwa hisani ya boti ya kuvulia ya futi 19, niliyoinunua kando ya hori la Mtwapa kwa mtu ambaye alikuwa ameipaka boti rangi mpya na ulimi wake asali, akaniapia kuwa faiba ni mali ya aushi. Niliifunga mashine ya nguvu za farasi 75, na kila nilipoiongeza moto ikaegemea nyuma kama mzee aliyekwisha kula pilau na kutafuta mto; nami nikidhani kwamba huo ndio mwendo wa madaha. Sakafu nayo ilinesanesa chini ya nyayo kama godoro la sufi, na hilo pia nililihesabu kuwa ni raha niliyozidishiwa bila ya kulipa. Siku moja akapita fundi mkongwe wa Matondoni, mzaliwa wa Lamu, ambaye amezoea mkuku na mataruma na ambaye tangu azaliwe hakupata kuipa faiba salamu. Akatwaa nyundo, akaigeuza, akawa anagonga kwa mpini wake kidogo kidogo tangu omo, ametega sikio kama tabibu juu ya kifua cha mgonjwa. Na mahali palipokuwa pazima pakamjibu kwa sauti kavu, kali, hata alipofika tezi boti ikajibu kama papai bivu. Akatoboa tundu moja dogo, chini kabisa, kwa ndani, na pakatiririka maji ya rangi ya chai ya mkandaa.

"Mwanangu," akasema, "chombo cha mbao kikiugua humwambia mwenyewe, hiki chako kina haya."

Hapo ndipo nilipotiwa chuoni, na sikupata kuwa na mwalimu mkali kuliko uozo wala mwenye mpango bora wa mafunzo. Somo la kwanza lilikuwa kwamba chombo hakiondolewi sakafu kabla ya kuegemezwa kwa magogo na vitako pande zote, kwa sababu ganda lililonyang'anywa mifupa hulegea, na likijengewa mifupa mipya katika ulegevu wake, hubaki limepotoka dahari. Tulipokwisha kuliegemeza tukakata kwa ndani, na ile plaiwudi, ambayo zamani ilikuwa mbao, ikatoka nyeusi kwa makonzi, na mwishoni kwa upawa. Chini ya sakafu tukakuta lile povu gumu ambalo waundaji walilitia ili boti isizame hata ikijaa maji. Nalo kwa miaka mingi lilikuwa limekunywa maji hata likawa ndilo jiwe la kuizamisha. Tulilitoa vipande vipande, vizito, vinatiririka, na boti ikapungua kama mtu aliyetoka homani.

Kisha likaja somo la kusaga faiba, ambalo ni somo la adabu. Vumbi la kioo halina tofauti na upupu ila kwamba upupu hupata mtu kwa bahati mbaya, na hili mtu hulinunulia grenda; hupenya katika kola, katika mikono ya shati, na katika nia njema. Kwa siku nne nilijikuna, nisiweze kulala usiku wala kukaa barazani alasiri, na kwa hiyo kwa siku nne sikumsengenya mtu. Na sijui waadhi yoyote iliyopata kunizuia muda mrefu kama huo.

Katika kujenga upya uozo ulinifunza kipimo. Utomvu ule wa kugandisha faiba hutiwa dawa yake kwa sehemu 1 au 2 tu katika 100, nami siku ya kwanza niliitia kwa jicho, kama mpishi atiavyo chumvi, saa sita za mchana, katika jua la Kaskazi. Mara kopo likapata moto, likafuka moshi, likawa jiwe, na brashi imesimama ndani yake kama mlingoti. Tangu hapo nikawa mtu wa alfajiri. Nikajifunza kwamba ngozi ya zamani husagwa ukingo wake kwa mteremko mrefu, kadiri ya mara 12 ya unene wake, ili jipya likamate la zamani kwa kiganja si kwa ukucha. Na kwamba kila pembe hujazwa na kuviringwa kabla ya kulazwa mkeka wa nyuzi, kwa kuwa nyuzi za kioo, kama watu wenye daraja zao, hazipendi kukunjwa ghafula. Tukagandamiza mbao mbili mpya hata zikapata unene wa inchi moja na nusu, tukazifunika zisione hewa. Na pale palipotaka parafujo, tukatoboa tundu kubwa kuliko haja, tukalijaza utomvu mzito, likishaganda tukalitoboa tena katikati, tundu dogo, ili chuma kiume utomvu kisikutane na mbao milele. Ile parafujo moja iliyokosa tone la gundi ilinigharimu msimu mzima, na ndiyo parafujo pekee maishani mwangu ambayo naweza kusema kuwa naijua.

Nisiusahau uadilifu wake wala ukarimu wake. Uozo haubagui: boti ya tajiri awindaye nduwaro kwa ajili ya picha, na boti ya masikini avuaye changu kwa ajili ya kitoweo, zote huzitembelea kwa tundu la kadiri moja. Umemlisha muuza utomvu, na muuza plaiwudi, na muuza msasa, na fundi, na vibarua walioligeuza ganda, na mama aliyewauzia mahamri. Na jamaa zangu wa barazani, ambao siku zile nne niliwanyima masengenyo, waliyapata ya kutosha juu yangu.

Wako watakaosema kwamba uozo huua watu, kwa kuwa ukuta wa nyuma waweza kung'oka pamoja na mashine katikati ya bahari. Hili silikani, lakini, kwa insafu, je, mashine haikuegemea? Sakafu haikunesanesa? Maji ya hudhurungi hayakudondoka katika misumari ya nyuma, yakilia asubuhi na jioni? Uozo wangu uliniletea barua tatu, nami nikazisoma kama nyaraka za pongezi. Na akiuliza mtu vipi nimeusifu kwanza kwa usiri na sasa kwa uwazi, namjibu kwamba msifu haulizwi hesabu; aulizwe yule aliyeniuzia boti, ambaye alikuwa msifu kabla yangu.

Basi nikiri hila yangu nimalize. Babu zetu walioshughulika na majahazi walikuwa na mafuta ya papa, yanukayo hata ng'ambo ya hori, waliyoyapaka katika mbao msimu kwa msimu ili maji yasipate makao. Na mafuta yale jina lake ni sifa. Muuzaji wangu aliipaka boti sifa kwa nje, zikakauka juu ya rangi, na ndani kuvu akaendelea kuzaa. Mbao zangu mpya nazo zimo ndani ya ganda, ambamo brashi haifiki. Ndiyo sababu nimezipeleka sifa kwa maneno, nikaupaka uozo wenyewe, kwa matumaini kwamba utazikimbia kama ulivyozikimbia zile za papa. Na kama zimenuka kidogo, msomaji aniwie radhi: sifa, ziwe za papa au za watu, hazijapata kukosa harufu.