Hadaa za "Had"

Sisi tuliopita shule ya msingi Kenya enzi za mtihani wa KCPE tulilishwa sentensi moja hadi tukaiota usiku: "No sooner had the teacher entered the class than the pupils stood up." Mwalimu ameingia, wanafunzi wamesimama, jambo la sekunde mbili. Lakini Kiingereza cha ubaoni kilitaka jambo hilo lipinduliwe kichwa chini miguu juu, "had" imtangulie mwalimu mlangoni, na ole wako uweke "when" mahali pa "than". Mwenye kutaka "when" ni "hardly". Walioyachanganya hayo mawili wanaijua ladha ya kiboko. KCPE yenyewe ilifanywa mara ya mwisho 2023, ikazikwa, na mpaka leo sijamsikia Mwingereza akiitamka sentensi ya aina hiyo. Nimewasikia wakitangaza mpira, nimewasikia kwenye filamu, nimewasikia katika hoteli za Nyali wakilalamikia chai. Mwalimu wao huingia, watoto wakasimama, hadithi ikaendelea.

Kanuni yenyewe ya "had" sina ugomvi nayo. Mambo mawili yametokea zamani, moja kabla ya jingine. Lile lililotangulia ndilo linalopewa "had". Na tofauti ipo. Ukisema ulipofika basi liliondoka, bado kuna matumaini: unakimbia, unapiga mluzi, utingo anagonga bati. Ukisema ulipofika basi lilikuwa limeondoka, tafuta kivuli ukae. Hata Kiswahili kinalijua hilo, wala sikumbuki aliyechapwa kwa ajili yake.

Kinachoniudhi ni ubahili wa wenye lugha. Wakishasema "after" au "before", wanaona mpangilio umeeleweka, na "had" wanaiacha nyumbani: "after she left" inawatosha, na vitabu vyao vya sarufi vinakubali. Wakisimulia kisa cha zamani ndani ya kisa kingine, wanaitumia mara moja au mbili pale mwanzoni, halafu wanaendelea na wakati uliopita wa kawaida. Na hata wanapoitamka wanaimeza, ikabaki "d" moja: "I'd", "she'd". Ni "had" au ni "would"? Subiri neno linalofuata, kama utalisikia. Sisi tulioilipia karo tunaitamka nzima.

Na wakati huohuo, watu hawa wanaona "had had" ni Kiingereza safi kabisa. Wana hata chemshabongo moja ya James na John na mwalimu wao, ambayo ukiiwekea alama za uandishi sawasawa inakubali "had" 11 mfululizo. Hao ndio wanaotusahihisha.

Lakini nisiwaonee Waingereza peke yao. "Had" ya kweli inayoninyima usingizi ni hii yetu, ya Mombasa na Nairobi, ambayo haihitaji mambo mawili. Inatosheka na moja. Asubuhi mifereji imekauka, keateka anaandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha wapangaji: "I had told tenants to store water." Haya, ulikuwa umetuambia. Kabla ya nini? Hasemi. Ni mkasi wenye ubavu mmoja, na ule ubavu wa pili unatakiwa uutoe mwenyewe: kwamba hukusikia, huna akili, na ndoo zako tupu ni shauri yako. Ukipekua kikundi chote hadi siku kilipofunguliwa, huoni tangazo la maji. Utaona tangazo la kodi.

Ofisini ni vilevile. "I had sent the email," anasema kijana wa idara ya pili, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Unaifungua barua pepe unaikuta, kweli imetumwa, dakika nne baada ya wewe kuiulizia. Fundi wa mabomba naye hahitaji Kiingereza: "Nilikuwa nimekuja, mama, lakini hukuwepo." Alikuja lini? Kabla. Kabla ya lini? Kabla tu. Huko nyuma ya jana hakuna shahidi, hakuna bawabu aliyemwona, wala simu iliyoita. Mtu akishaingia huko, kumtoa ni kazi.

Ipo pia ile ya adabu. Mtu anabisha hodi ofisini, anainama kidogo, anasema, "I had wanted to see the manager." Kwetu huo ni uungwana, hatutaki kumrukia mtu na "nataka" kavu. Mgeni kutoka Uingereza aliyekuwa mapokezi siku moja alimtazama mzee wa watu kwa huruma, akamwuliza kwa nini amebadilisha nia. Maana wao wakisema "had wanted" au "had hoped", tayari jambo limeshaharibika. Bosi wa Kiingereza akikuandikia "I had hoped to receive the report by Friday", usidhani anakusimulia historia ya maisha yake. Unakaripiwa. Tafuta ripoti.

Kwenye majuto nilidhani tungekutana wote, maana "If I had known" na ningalijua ni dada wawili, na wote huja kinyume. Wapi. Wamarekani wengi wanasema "If I would have known", na walinzi wa sarufi wakisikia hivyo wanashikwa na tumbo. Nakiri hilo hunifurahisha kuliko inavyostahili.

Sasa njooni kwenye chama chetu cha kuchangiana. Katibu wetu ni mtu wa heshima, na kumbukumbu za kikao huziandika kwa Kiingereza ingawa kikao chote huwa cha Kiswahili, na matusi machache ya Kimijikenda. Kumbukumbu zake zinaanza hivi: mwenyekiti "had opened" kikao kwa maombi, wanachama "had discussed" mikopo, chai "had been served". Ukurasa mzima umetangulia kutokea kabla ya kitu fulani, na hicho kitu hakifiki. Nikisoma napata wasiwasi, nageuza karatasi nione ni janga gani lililotukuta baada ya chai.

Mwezi uliopita tukalijua. Hela za mzunguko hazikuwepo. Mweka hazina akasimama: "I had given the money to the secretary." Katibu akasimama: "I had told the treasurer to wait for the receipt." Mwenyekiti, ambaye kwa kawaida hulala, akaamka akasema: "I had advised both of them." Watu wazima watatu, kila mmoja amemtangulia mwenzake zamani, hakuna aliyebaki kwenye siku yenyewe ili tumwulize hela ziko wapi. Mama mmoja wa Kongowea, muuza viazi, akauliza kwa Kiswahili: "Nani alizishika mwisho?" Kimya. Mwenyekiti akaahirisha kikao hadi Jumamosi hii, saa nane, kila mtu aje na stakabadhi zake.

Leo ni Jumatano. Mweka hazina ameshatuma ujumbe kwenye kikundi: "I had planned to attend."