Shemeji Anataka Aandikwe Gazetini

Miaka yote niliyoandika safu hii, shemeji yangu hajawahi kuisoma. Yeye ni daktari bingwa wa figo huko Kansas, na jambo la kumchekesha bado halijapatikana. Juzi akanipigia, sauti imelainika kama ya mtu anayetaka kukopa: "Shemeji, hivi huwezi kuniandika gazetini?"

Kumbe anasaka makaratasi. Tangu mwaka 1990 sheria ya Marekani imewatengea ukaazi wa kudumu watu wenye vipaji vya pekee, waliofika kileleni kabisa mwa fani zao. Huhitaji mwajiri. Unajiombea mwenyewe, yaani unajisifu mwenyewe, kazi ambayo kwetu hufanywa na mshenga. Ukiwa na tuzo ya Nobel, umemaliza. Kama huna, kuna vigezo 10, utimize angalau 3.

Nikamwambia anisomee. Tuzo: anayo moja, ya usafi wa bweni. Uanachama wa vyama vya watu waliobobea: vya kulipa ada tu havihesabiki, kwa hiyo SACCOS imetoka. Mshahara mnono kuliko wa wenzake: huenda, ingawa dada yangu anasema bado hajauona. Kazi kuoneshwa kwenye maonesho ya sanaa. Mauzo ya tiketi na muziki. Daktari wa figo jamani!

Kukagua kazi za wenzake, hapo yumo. Jumapili nzima anasahihisha makala za majarida ya utabibu bila kulipwa hata soda. Makala zake mwenyewe pia zipo. Kilichobaki ni kuandikwa kwenye chombo kikubwa cha habari, yeye na kazi yake, pawe na kichwa, tarehe na jina la mwandishi. Ndipo akakumbuka ana shemeji.

Kinachonikera si simu yake. Huyu mtu alipomaliza mafunzo, viza yake ilimtaka arudi nyumbani miaka 2, au asamehewe kwa kutumikia miaka 3 mahali penye uhaba wa madaktari. Akaenda kwenye kamji kenye ng'ombe wengi kuliko watu. Anawasafisha damu wazee wa watu, anaamshwa usiku, sikukuu zinampita wodini. Katika vigezo 10 hakuna kinachouliza ni wangapi wako hai kwa ajili yako. Akiponya figo, si hoja. Akiandika makala kuhusu figo hiyo, ni hoja, tena wanahesabu waliomnukuu.

Na vikitimia vitatu bado. Ofisa anamwaga yote mezani upya, anajiuliza kama kweli huyu yuko kileleni. Ukitaka ashughulike ndani ya siku 15 za kazi, unaongeza zaidi ya dola 2,800, na unaweza kuletewa barua ya kudai ushahidi zaidi.

Haya, waheshimiwa maofisa, ushahidi huu hapa. Kichwa kipo, tarehe iko juu ya ukurasa, jina langu mnaliona. Tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mfasiri, atalipia mwenyewe. Jina lake sijaliandika, wala sitaliandika mpaka anirudishie hela ya mabati aliyonikopa kabla ya kupanda ndege.